Timilifu Kuliko Mimi

Jana usiku namba imenivunjia heshima ndani ya nyumba yangu. Naitaja kabisa, maana nayo haikunisitiri: 33,550,336.

Mpwa wangu kaja na daftari. "Mjomba, mwalimu kasema hii ni namba timilifu. Tuthibitishe." Tuthibitishe! Yaani mimi. Timilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe pembeni, unairudia ileile. 6 ni 1 na 2 na 3, basi. 10 ni pungufu, inaishia 8, na hiyo naielewa bila mwalimu, ndiyo tarehe ishirini na kitu yangu. 12 ni zidifu, inafika 16. Huyo ni jirani, tumwache.

Nikavaa miwani, nikakohoa kikohozi cha mtu anayejua. Vigawo viko 25. Vya mwanzo ni mteremko: 2, 4, 8, unazidisha kwa mbili mpaka 4,096. Halafu inatokea 8,191, namba tasa, imesimama mlangoni kama mdai. Nayo zidisha mbilimbili: 16,382, 32,764, 65,528... Ulipofika 16,775,168 tarakimu zikaanza kutembea kwenye karatasi. Simu ina asilimia tatu. Nikasema liwalo na liwe, kwa mkono.

Safu ya mamoja ikatoa 115. Andika 5, shika 11. Nikashika. Nikashika nyingine, na nyingine, mpaka nikasahau nimeshika ngapi na kwa nini. Jibu: 33,550,335.

Nikamweleza mtoto kwa upole kwamba walimu nao ni binadamu, wanakosea. Akaniangalia. Nikarudia. Imepungua moja. Nikajumlisha kutoka chini kwenda juu. Imepungua moja. Nikabadilisha kalamu! Saa sita na nusu nimesimama katikati ya sebule nauliza, nani kala moja? Nani?

"Mjomba," anapiga miayo, "1 yenyewe hukuiandika."

Kigawo cha kila namba duniani. Nimeanzia 2 kama mtu aliyezaliwa jana.

Halafu asubuhi naambiwa Euclid, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, alishatoa njia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: 8,191 ikishakuwa tasa, izidishe kwa 4,096, umemaliza. Mstari mmoja! Mtoto alikuwa nayo ukurasa wa pili wa daftari hilohilo.

Na namba yenyewe ina vyeo kama mwenyekiti wa kamati zote. Jumlisha 1 mpaka 8,191, ni yeye. Chukua witiri kutoka 1 mpaka 127, kila moja ipandishe kipeo cha tatu, jumlisha, yeye tena. Jumlisha tarakimu zake tu, unapata 28, nayo timilifu! Hata makombo yake yametimia.

Kinachoniliwaza ni kwamba namba timilifu iliyo witiri haijawahi kuonekana, wala hakuna aliyethibitisha kuwa haipo. Ikipatikana naomba ipatikane likizo. Na kalamu yangu ile ya pili huyo mtoto kaondoka nayo.