"Mimi umri wako nilishajenga"

Wazee wetu, shikamooni, lakini hii kauli imetuchosha. "Mimi umri wako nilishajenga." Ulijenga wapi, mzee wangu? Sinza! Miaka ya 1970 serikali ilipima viwanja Dar es Salaam, kule Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikagawa. Leo ukiulizia bei ya kiwanja hicho hicho, dalali anakutazama kama umemtukana.

Mlisoma chuo kikuu bure, mkamaliza mkapangiwa kazi. Sisi tumesoma kwa mkopo, tumezungusha bahasha mpaka soli zimekwisha, na tukibahatika kuajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kulipa mkopo huo kabla hatujaugusa. Kinachobaki anakisubiri mwenye nyumba, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Na mwenye nyumba ni nani? Si nyie nyie?

Halafu tunaitwa wavivu! Eti hela zetu zinaishia kwenye bando na chipsi. Chipsi gani hizo zenye bei ya kiwanja? Vijana wenzangu, nani kati yetu hajasomewa risala hii, kila msiba, kila harusi?

Jasho lenu tunaliheshimu. Lakini mkitaka tujenge, tukatieni kipande cha lile shamba la Mbezi lililoota majani.