Si Kweli Kwamba Niliteka Kwaya

Wengi wenu mmekwisha kuipata habari hii kutoka kwa rafiki yangu fundi baiskeli wa Ngamiani, ambaye tangu Jumamosi hajashika spana, kazi yake ni kusimulia tu. Simulizi yake inasema kwamba Mwalimu mstaafu, akiwa amevaa kanzu na koti, aliliteka gari la kwaya ya Wajerumani mchana kweupe mbele ya posta ya Tanga, akawalisha abiria sambusa kwa nguvu, na hakuwaachia mpaka walipojikomboa kwa wimbo. Kanzu, koti na sambusa ninavikubali. Yaliyobaki ninaomba niyaeleze mwenyewe, kwa utaratibu, kabla hayajafika Pangani.

Mnajua kwamba mimi ni mkusanyaji wa stempu, na kwamba ni mwanachama wa klabu moja ya Uingereza ya watu wanaokusanya stempu za Afrika Mashariki peke yake: zile za Wajerumani za mwaka 1893 zilizopigwa juu yake chapa ya thamani kwa pesa, sarafu ndogo ya koloni lao, zile za twiga za Tanganyika za mwaka 1922, zile za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura za wafalme, na kuendelea hivyo mpaka mke wa mtu aondoke sebuleni. Klabu hiyo hutoa jarida la wanachama mara nne kwa mwaka. Nimesema hulitoa, sijasema hunifikia.

Jarida la Machi huweza kufika baada ya lile la Juni. Yamewahi kufika mawili kwa siku moja, yamefungwa pamoja kwa mpira kama maharusi, na yapo ambayo hayajafika hadi leo ingawa majibu ya makala zake nimeyasoma katika matoleo yaliyofuata, kwa hiyo ninajua kwa hakika kwamba bwana mmoja wa Scotland amekosea kuhusu mihuri ya reli ya Tanga, ila sijui alisema nini. Ukurasa wa mnada ndio unaouma zaidi. Klabu huuza stempu kwa wanachama wake kwa barua, na siku ya mwisho ya kupeleka bei hutajwa juu ya ukurasa. Mimi huusoma ukurasa huo siku hiyo ikiwa imepita zamani, nikaandika pembeni kwa kalamu ya risasi bei ambayo ningalitoa, halafu nikasikitika kwa kiasi kile kile cha fedha.

Msiniulize jarida hukwama wapi. Njia yake ni ndefu: huja kwa meli kwa nauli ndogo ya machapisho, hupangwa Dar es Salaam, huletwa Tanga, huingia katika sanduku ninalolitumia kwa pamoja na shule niliyofundisha, ufunguo wa sanduku anao karani, karani humpa mlinzi, na mlinzi humpa mwanafunzi yeyote anayekaa upande wangu, ambaye naye huwa na mechi jioni hiyo. Kila mmoja katika mnyororo huo ukimwuliza atakuapia kwamba kwake jarida halikulala hata usiku mmoja.

Sasa, Septemba hii lilifika moja ambalo lilikuwa limelowa likakauka, likalowa tena, na katika safari zake hizo lilikuwa limepoteza jalada pamoja na kurasa za mwanzo, ndipo penye namba ya toleo na mwaka. Ndani yake palikuwa na tangazo. Wanachama kadhaa walikuwa wamepanga safari ya kuitembelea Tanganyika ya zamani ya albamu zao. Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa sita mchana, wangesimama mbele ya jengo la posta la Tanga, kisha wangepanda Usambara kwenda kupaona Vuga, ambako stempu ziliwahi kuchapwa wakati wa vita. Mwanachama yeyote aliye karibu alikaribishwa kwa moyo mkunjufu. Mwanachama aliye karibu, kati ya Moa na Mkwaja, nijuavyo mimi, ni mmoja.

Mtasema, je, Mwalimu, wewe unayejigamba kuusoma mhuri wa Kijerumani wa mwaka 1902 uliofifia kama kovu la ndui, ulishindwa kuusoma mhuri wa bahasha? Swali zuri, nililitarajia. Klabu ya wakusanyaji wa stempu, jamani, haibandiki stempu. Kule Uingereza mtu akituma bahasha nyingi kwa pamoja, huzichapa alama ya kuonyesha kwamba gharama ya posta imekwisha kulipwa, na alama hiyo haina tarehe. Watu ambao wamejaza majarida kwa ugomvi juu ya siku ambayo mhuri fulani uligongwa Tanga mwaka 1891 wametuma jarida hilo hilo lisilo na mhuri wala siku.

Nilimjibu katibu wa klabu mara moja. Kwa barua, ndiyo. Mtu anayekusanya bahasha hamtumii mwenzake barua pepe; nilimbandikia stempu zetu nzuri, pana, zenye wanyama, nikaomba dirishani zigongwe mhuri kwa upole. Barua hiyo ninaamini bado inasafiri.

Maandalizi sitayaeleza sana. Mama watoto alikaanga sambusa za sinia mbili. Fundi alileta benchi lake na baiskeli ya muuza madafu, pamoja na muuza madafu mwenyewe. Mimi nilichora juu ya manila stempu ya Vuga, kubwa kama mlango wa kabati, nikaichukua albamu yangu na kibanio changu cha kushikia stempu, nikasimama mbele ya posta kabla ya adhana ya adhuhuri nikiwa nimevaa kanzu na lile koti la siku ya kustaafu.

Hapa nendeni nami polepole, kwa sababu fundi hapa amepita mbio.

Saa sita na dakika chache ilikuja Kosta nyeupe, ikaegesha hatua kumi kutoka nilipo. Dereva akashuka, akavuka barabara kutafuta vocha. Mlango ukafunguliwa, wakaanza kushuka wazungu wa makamo na wazee, wenye nywele nyeupe, kofia pana na viatu vya kupandia milima, wakajinyoosha migongo, wakatazama jengo la posta. Niambieni ninyi mngefanya nini. Nikamwendea yule mrefu kuliko wote, nikamkaribisha Tanga kwa Kiingereza changu cha darasani. Alitabasamu lakini hakujibu. Nikaona labda amechoka na safari, nikainua manila, nikamwambia neno moja tu: “Vuga?”

Uso wake ukafunguka. “Vuga! Vuga!” akasema, akageuka akawaambia wenzake, na neno hilo likapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine mpaka nyuma ya gari, kila mmoja akinitikisia kichwa kwa furaha. Ndugu zangu, ni watu wangapi duniani wanaoijua Vuga? Hata hapa Tanga wapo wanaodhani ni aina ya muhogo.

Basi nikaianza hotuba. Niliwaeleza kwamba Vuga palikuwa makao ya wafalme wa Washambaa kabla ya Mjerumani kufika. Nikaja kwenye mwaka 1916, pwani ikiwa imezingirwa kwa vita na stempu zikiwa zimeadimika, ambapo mashine ya misheni ya Vuga ilichapa stempu za heller 2½, heller 7½ (heller ndiyo senti ya rupia ya Wajerumani) na rupia 1, kazi ya mikono ya huku huku kwetu. Nikaeleza jinsi meli moja ilivyopenya kizuizi cha Waingereza ikiwa na stempu zilizochapwa Ujerumani, kwa hiyo zile za Vuga hazikuhitajika tena. Na jinsi, adui alipokaribia, zilivyofukiwa ardhini, zikalala humo mpaka vita vikaisha, na zilipofukuliwa nyingi zilikuwa zimeharibika.

Nilipofika kwenye kufukiwa nilipunguza sauti, kwa sababu mahali hapo mimi mwenyewe hunigusa. Nikamwona mama mmoja ameweka mkono kifuani. Mzee mmoja akavua kofia. Wa pili naye akavua. Nikajiambia, hawa ndio wakusanyaji wa kweli; mimi nyumbani kwangu nikilitaja jambo hili huulizwa kama nimelipa umeme.

Yule mrefu akawatazama wenzake, akanong’ona. Wakajipanga safu mbili, wafupi mbele. Nilidhani ni kwa ajili ya picha, nikaingia katikati, nikashika manila kwa mkono mmoja na kuifungua albamu kwa mkono wa pili ili nayo ionekane. Yule mrefu akanitoa kwa upole, akanisimamisha mbele yao, nikiwatazama. Akavuma mdomoni, “mmmm”, kama anayejaribu gari. Kisha wote wakaimba.

Waliimba kwa sauti nne, wimbo wa taratibu na wa huzuni, wakinitazama machoni. Sijui kama mmewahi kuimbiwa na watu zaidi ya ishirini kwa umbali wa kupeana mikono. Tatizo kubwa ni uso. Mtu hajui auweke vipi. Nikicheka ninaharibu, nikinuna ninaharibu zaidi. Nikauinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza redio mbovu. Watu wakaanza kutoka ndani ya posta wakiwa na bahasha zao mkononi. Bajaji zikasimama. Kwa pembe ya jicho nikamwona fundi ameinua simu, na muuza madafu amempigia magoti mbele ili asimzibe.

Ndipo upepo wa bahari ulipoifikia albamu. Twiga wangu wa mwaka 1922, ambaye nilikuwa nimemlegeza makusudi ili nimwonyeshe mgongo wake, aliruka, akapaa, akatua juu ya ukingo wa kofia ya mama wa safu ya mbele, yule aliyeweka mkono kifuani. Mama hakuhisi. Aliendelea kuimba huku amefumba macho. Kila alipovuta pumzi kofia iliinuka na twiga akayumba.

Ningefanyaje? Stempu ya miaka zaidi ya mia haishikwi kwa vidole vyenye jasho. Nikalilaza manila chini, nikatoa kibanio mfukoni mwa koti, nikamsogelea kwa hatua za mtu anayemwinda kuku wa jirani. Beti la pili lilikuwa linapanda juu. Nilikuwa nimeinama, pua yangu i karibu na kofia, kibanio kimefunguka, na nimemshika twiga kwa pembe ya chini kushoto bila kung’oa jino hata moja la ukingo wa stempu, mama alipofumbua macho.

Alishtuka lakini hakuacha kuimba. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoiheshimu mpaka sasa. Alilimaliza beti lote akinitazama mimi na kile chuma, sauti yake ikitetemeka mahali ambapo nina hakika mtunzi hakuandika itetemeke.

Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, na dereva akarudi na vocha yake. “Shikamoo, Mwalimu,” akasema kwa heshima, akivua kofia yake pia. “Pole sana. Nani amefariki?”

Nikamwuliza kwa nini anauliza hivyo. Akaongea na yule mrefu kwa Kijerumani cha kuungaunga, akanigeukia. “Wanasema unawaomboleza watu wa Vuga waliofukiwa wakati wa vita. Hawa ni kwaya ya kanisa, Mwalimu, wanakwenda huko Vuga kwa wenyeji wao. Wamesikitika sana, ndiyo maana wameimba.”

Yaliyofuata ni mafupi. Sambusa zote ziliisha, na hakuna aliyelishwa kwa nguvu. Mzee mmoja alikula tano kwa hiari yake. Mama wa kofia alinitia shilingi elfu kumi mkononi, nadhani za rambirambi, nikashindwa kuzirudisha kwa lugha yoyote ninayoijua, na fundi akazichukua kulipia madafu. Kosta ikaondoka. Tulisubiri wakusanyaji mpaka alasiri. Video mmekwisha kuiona.

Jumatatu mlinzi wa shule alimtuma mtoto na bahasha. Ndani yake mlikuwa na jarida safi, lina jalada, lina mwaka, nao ni mwaka jana. Ukurasa wa katikati una ripoti ya safari na picha ya wanachama wakiwa wamesimama mbele ya posta ya Tanga, pale pale niliposimama mimi na manila yangu, na maelezo chini ya picha yanasema kwamba kwa bahati mbaya mwanachama wa Tanga hakutokea. Nilimwonyesha fundi. Fundi, ambaye hakumbuki deni lolote, alikumbuka siku ile vizuri: tulikuwa tumeketi kwa muuza kahawa, aliwaona wazungu wakipiga picha ukuta wa posta, akaniambia, nami nikamjibu kwamba hao ni watu wa meli tu, anipishie kashata.

Jana, kwa kuwa maji yamekwisha kuzidi unga, nilimwandikia katibu barua pepe. Alijibu ndani ya saa moja, mtu mwungwana sana. Ameomba radhi kwa niaba ya klabu, ameandika kwamba wangefurahi kuchapisha kisa changu, na ili kunifariji amenitumia upya lile jarida lililopoteza jalada, nakala safi kabisa, kwa posta.