Mama Amekataa Kupigwa Picha na Jembe

Mama yangu amekataa. Mjukuu wake wa Leeds, huku Uingereza, alimwomba apigwe picha shambani, kashika jembe, ukungu wa Tukuyu ukiwa nyuma yake. Badala ya kumjibu mtoto, akanipigia mimi. "Mwambie mke mwenzangu," akasema, "kama anataka picha ya jembe, lipigwe jembe. Liko uani, halina safari."

Nilicheka peke yangu kwenye kituo cha basi hadi watu wakanigeukia. Lakini simu ile imenikalia kichwani wiki ya tatu sasa, na imenirudisha kwenye mambo niliyodhani niliyaacha Mwanjelwa, Mbeya.

Nianze na mtoto. Binti yangu anasoma A-level, na moja ya masomo yake ni vyombo vya habari. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani atafundishwa kusoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kumbe wanakaa darasani saa nzima wakitazama jalada la jarida. Jalada moja, saa nzima! Jina la jarida limeandikwa kwa mwandiko gani, kichwa cha mtu kimelifunika au hakikulifunika, macho yanamtazama nani, nyuma yake kuna rangi gani, nani amewekwa na nani ameachwa. Wakimaliza majalada wanaingia kwenye video za muziki, wanazikata vipande kama muuza nyama anavyogawa mbuzi wa sikukuu: kamera ilikuwa juu au chini, taa ilitoka upande gani, yule dada anayecheza nyuma ana jina au ni kiuno tu.

Mimi nalea wazee zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi narudi nyumbani yeye anakunywa chai na madaftari yake, na ndipo tunapobishana. Nimejifunza mengi kwenye meza ile, nikiri. Alinionyesha jalada la jarida la mitindo, Vogue ya Uingereza, la Machi 1966, Donyale Luna, mwanamitindo mweusi wa kwanza kukaa hapo. Ukiitazama picha yenyewe, mkono umekuja usoni, vidole vimetanuka, na jicho moja linachungulia katikati. "Baba, siku ya kwanza wanamweka mtu mweusi, halafu wanamfunika uso?" Sikuwa na jibu. Vogue ya Marekani ilingoja hadi Agosti 1974 ndipo ikamweka Beverly Johnson. Na hiyo ya Uingereza ilipata mhariri mkuu mweusi wa kwanza mwaka 2017, Edward Enninful, mzaliwa wa Ghana. Binti yangu anazisema tarehe hizi kama mimi nilivyokuwa nazisema stesheni za TAZARA kutoka Mbeya hadi Makambako.

Halafu kuna Stuart Hall, msomi wa utamaduni na vyombo vya habari, ambaye nyumbani kwangu sasa ni kama mjomba. Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1932, akaja Uingereza kusoma akiwa kijana. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliishia kuwa profesa, mimi nasukuma viti vya magurudumu. Hall alisema picha haiuchoti ulimwengu ulivyo ikakuletea mezani, picha inaujenga. Anayeitengeneza anatia maana yake, lakini anayeitazama anaweza kuipokea yote, kuipokea nusu, au kuikataa kabisa.

Hapa nililinganisha na nyumbani, na nikaona aibu kidogo. Kwetu kichupa, yaani video ya muziki, kikitoka, mabishano yote yanaishia kwenye sketi. Imefika gotini, haikufika gotini, ni maadili, si maadili. Baraza la Sanaa la Taifa likifungia wimbo, tunagawanyika mafungu mawili na kutukanana mpaka jioni. Sijawahi kusikia kijiwe cha Kabwe kikiuliza kwa nini yule dada hakupewa hata mstari mmoja wa kuimba, au kwa nini kila msichana wa kwenye kichupa ni mweupe kuliko mama yake. Tunapima nguo kwa rula, basi.

Na kuna langu la siku nyingi: sweta. Nyanda za Juu Kusini zinatoa wasanii. Rayvanny ni kijana wa Mbeya, na mwaka 2017 alirudi na tuzo ya BET ya Marekani iliyopigiwa kura na mashabiki. Wasanii wanatoka, lakini baridi haitoki. Jumapili moja nilikaa nikahesabu vichupa ishirini mfululizo. Bahari, bahari, bwawa la kuogelea, ghorofa, bahari, gari jekundu, boti. Sweta hakuna. Hakuna hata mtu mmoja aliyevaa koti la manyoya na kupuliza mikono kama anayesubiri Coaster pale Uyole saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Juni. Hakuna Njombe, hakuna Makete ambako umande unaganda kwenye majani ya viazi. Mtoto wa Kijapani akitazama vichupa vyetu ataamini Tanzania nzima inatembea kifua wazi. Nilikuwa nalisema hili kila mahali, kwenye harusi za Watanzania huku na hata msibani, na watu walishanizoea.

Hivyo binti alipopewa kazi ya vitendo, kubuni jarida lake mwenyewe, jalada na kurasa za ndani, nikamshauri afanye kuhusu kwetu. Akaruka na wazo. Wanawake wa Rungwe: chai, ndizi, parachichi. Bibi yake ndiye jalada. Akaandika maelekezo ya ukurasa mzima na kumtumia binamu yake mwenye simu nzuri. Bibi awe shambani. Mwanga wa asili, asubuhi. Mabuti ya mvua, kilemba cha kila siku, jembe begani. Aitazame kamera moja kwa moja, asiwe mtu wa kutazamwa tu, awe anatazama naye. Hakuna tabasamu la kulazimisha. Kila neno lilikuwa limefikiriwa, na niliyasoma nikaona huyu mtoto ana akili. Ni uhalisi, akasema. Hakuna kumpamba mtu.

Ndipo mama akapiga simu.

Sasa nirudi Mwanjelwa, maana bila huko hamtanielewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla soko halijaungua mwaka 2006, nilikuwa kijana wa kushika taa kwenye studio ya picha. Chumba kimoja, pazia jeusi mlangoni, kioo na kitana cha wateja wote. Ukutani tulikuwa na mandhari mbili za rangi ya mafuta. Ya kwanza ilikuwa maporomoko ya maji na bata wakubwa kupita kiasi. Ya pili ilikuwa ndege, na ngazi yake imeshuka. Madirisha ya ile ndege yalikuwa mapana kama ya basi la Tunduma, kwa sababu mchoraji hakuwa amepanda ndege wala hakuwa na mpango. Kila mteja aliitaka ndege. Mama muuza vitumbua, dereva wa lori, mwanafunzi wa kidato cha nne, wote waliweka mguu mmoja mbele kana kwamba wanapanda. Tulikuwa na mkono wa simu ya mezani uliokatwa waya, nao ulikuwa na foleni kuliko fundi mwenyewe: mteja anauweka sikioni, anatazama pembeni, anaongea na mtu mzito wa Dar es Salaam ambaye hayupo.

Fundi wangu hakuwahi kumcheka mteja. Alikuwa anauliza swali moja tu: "Picha inakwenda wapi?" Ikienda kwa mchumba aliyeko machimbo ya Chunya, alimkalisha binti hivi. Ikienda kwa mama mkwe, vile, magoti pamoja na mikono juu ya magoti. Leo naona ile ilikuwa ndiyo somo zima la binti yangu kwa maneno matatu, na hakuna aliyempa cheti.

Tatizo letu lilikuwa mabwana harusi. Ukimpiga bibi harusi na shela lake jeupe, yeye anatoka vizuri, bwana harusi anatoka suti, kola na meno. Fundi alimpaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso na mashavu ili taa ipate pa kushikia. Watu walikuwa wanakuja wamejipaka poda, sisi tunawafuta na kuwapaka mafuta, wananung'unika. Tulijua weusi wetu ndio kosa. Miaka mingi baadaye, kwenye meza ile ile ya chai, nikajifunza kwamba Kodak walikuwa wanatoa kadi za kupimia rangi, zikiitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Maabara zilipima rangi kwa ngozi yake, na wengine wote tukatoka tulivyotoka. Miongoni mwa waliolalamika hadi wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa bidhaa zao zote zilitoka kama kitu kimoja. Kabati lilisikilizwa. Bwana harusi wa Mwanjelwa alipakwa mafuta.

Kwa hiyo nikaanza kujiuliza kuhusu yale magari mekundu. Nimewatukana vijana wa vichupa kwa gari la kukodi na nyumba ya kuazima, na huku nyumbani kwangu, kwenye albamu, niko mimi, mwaka 1998, mguu mmoja kwenye ngazi ya ndege. Gari lile ni ndege yetu. Nani alimdanganya nani? Jirani aliyeiona ile picha yangu alijua fika kwamba Mbeya hakuna ndege ya madirisha mapana namna ile. Aliisoma kama nilivyotaka isomwe: huyu anataka kwenda mbali. Huku Uingereza picha wanaipokea kama ushahidi, na ukiongeza kitu wanasema umeghushi. Kwetu picha ni ombi, na mtu hapeleki ombi akiwa na mabuti ya tope.

Nilimweleza binti yangu hivi, akanijibu haraka: "Baba, lakini ombi hilo limetoka wapi? Nani alimfundisha bibi kwamba jembe ni aibu?" Swali zuri, na silijibu hapa kwa sababu silijui jibu lake lote. Najua tu kwamba mama amelima miaka hamsini, amesomesha watoto sita kwa ndizi na chai, na hajawahi kulionea jembe aibu. Anachokataa ni jembe kumtangulia. Amewaona wageni wakipita barabarani na kamera, wanapiga picha mabegi ya majani ya chai na mgongo ulioinama, hata salamu hawatoi. Ugonile, salamu yetu ya Kinyakyusa, haigharimu kitu.

Basi picha ikaja, mama mwenyewe akiwa dairekta. Yuko sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Suti ya rangi ya damu ya mzee, mkoba mweusi mapajani, viatu vipya vyenye kisigino kidogo. Nyuma kuna kabati la vyombo na saa ya ukutani. Sikioni ameshika simu. Simu si yake: yake haina kioo cha maana, na ya binamu ndiyo inapiga picha, kwa hiyo walimtuma mtoto kwa jirani kuazima. Anatazama pembeni, anaongea na mtu mzito.

Na sweta hana. Nilimpigia nikamuuliza, nikijua kabisa ni Julai na ni Tukuyu, mvua ya rasharasha dirishani. "Sweta nililivua," akasema. "Sasa nipigwe picha na sweta, mimi ni mgonjwa?" Miaka yote hii nawalaumu watu wa vichupa.

Binti yangu alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaikata ile picha, akaiweka kwenye jalada, akachagua mwandiko mnene wa rangi ya njano kwa ajili ya jina, na kichwa cha mama kikalifunika jina kidogo, kama wanavyofanya kwa watu ambao hawahitaji kutambulishwa. Mistari ya habari za ndani akaipanga chini kushoto. Ilikuwa nzuri, nasema kweli, ungeikuta kibandani ungeinunua. Tukamtumia mama.

Alichukua robo saa kujibu. Nilidhani anaonyesha majirani. Kumbe alikuwa anakagua.

"Shikamoo bibi, umeionaje?" binti akauliza.

"Marahaba mke mwenzangu. Ni nzuri. Ila haya maandishi mbona yamekaa juu ya viatu?"

Maandishi yamehamishwa kulia. Pale mwanafunzi anapotakiwa kumweleza mwalimu sababu za kila uamuzi wa ubunifu wake, binti yangu ameandika aya nzima kuhusu rangi ya njano, aya nyingine kuhusu Stuart Hall, na kuhusu mistari ya kulia sentensi moja: viatu ni vipya na mwenyewe anataka vionekane.