Mchoro wa kwanza ulipiwe

Ijumaa jioni nilikuwa napita Madale kumsalimu shemeji yangu, nikakuta nyumba yangu inajengwa. Kiwanja huko sina. Ni ile ramani niliyomchorea bwana mmoja mwaka jana, akaichukua akashauriane na mkewe, na tangu hapo simu zangu hapokei. Boma limeshafika kwenye lenta. Karatasi yangu imepigiliwa msumari kwenye nguzo, na ile kona ya chini kulia, palipokuwa na jina la ofisi na namba yangu ya usajili, imekatwa kwa mkasi.

Fundi hana kosa, alinikaribisha vizuri. Kilichoniuma ni dirisha. Sebule niliielekeza ipokee upepo wa kusi, kwa sababu nilikwenda kusimama kwenye kiwanja kile mchana nikausikia unakotoka. Wao wameipindua ramani, sasa kusi itapita chooni kwanza.

Wenzangu wenye ofisi ndogo, tuache kutoa mchoro wa kwanza bure. Tumejizoeza kuuona kama chambo, wakati kazi yenyewe ndiyo ile. Ule wa Madale ulinila siku sita: kupima, kuangalia mteremko, kumsikiliza mtu anavyoishi na wazazi wake, kufuta na kuanza upya. Michoro ya kibali, ya umeme na ya maji inafuata uamuzi uliokwisha kufanyika. Soko la Kariakoo la msanifu majengo Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli ya zege ambalo hakuna aliyelibuni wakati wa kuchora milango. Kitu kama kile kinazaliwa mwanzoni kabisa, na hapo mwanzoni ndipo sisi tunaposema "hii usijali, tutaongea baadaye".

Ukiuliza ofisi ikue vipi utaambiwa ajiri, nunua kompyuta, fungua ukurasa wa Instagram. Sawa, fanya hayo. Lakini mwaka juzi ofisi yangu ilikuwa na kazi tele na ikakaribia kufungwa. Mteja mmoja aliomba ankara mapema "aipeleke kwa wahasibu". Ankara ya milioni 10 ina VAT ya milioni 1.8 juu yake, na ikishatoka, kodi hiyo inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Nilikopa kwa dada yangu nikalipie kodi ya hela nisiyoipokea. Mishahara ikachelewa wiki tatu, na mmoja wa vijana wangu mke wake alikuwa ametoka kujifungua. Alikuja kazini kila siku, hakusema neno. Sitaki kuiona tena ile sura yake akiwasha kompyuta asubuhi.

Najua wengi wetu tunajenga kidogo kidogo, tofali la mwezi huu, nondo za mwezi ujao, na mtu wa namna hiyo hawezi kuweka ada nzima mezani. Na wapo wakubwa zetu waliopata kazi nzito kwa kuanza na mchoro wa bure, siwezi kulikana hilo. Basi tuvunje ada vipande: cha kwanza kabla kalamu haijagusa karatasi, na kila hatua ilipwe kabla ya inayofuata kuanza. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, mradi umesainiwa.

Mteja atakimbia? Wengine watakimbia. Yule wa Madale angekimbia siku ya kwanza, nami ningebaki na siku zangu sita.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mstaafu kutoka Kibaha. Nikamtajia laki nne za mchoro wa kwanza, moyo unanidunda. Akanyamaza kidogo, akauliza kama anaweza kulipa mara mbili. Laki mbili akazituma kwa simu palepale, akavaa miwani, akavuta kiti mpaka ubavuni pangu.

"Haya mwanangu, andika. Jiko nalitaka lione geti."