Sufuria iliyochorwa kwa penseli

Kijana mmoja wa hapa Kampala amechora sufuria kwa penseli tupu, na mimi nasema hiyo ni kazi kubwa kuliko nusu ya picha za korongo na gorila zinazopangwa madukani kuwasubiri watalii. Ni sufuria ya alumini tunayoijua sote, isiyo na mikono, yenye ukingo bapa, imebonyea upande mmoja. Imewekwa sakafuni. Basi.

Jirani yangu aliuliza kwa nini asingeipiga picha kwa simu akamaliza. Swali hilo huulizwa sana, tena na watu wenye akili zao. Simu hunasa kila kilicho mbele yake kwa mkupuo, hata ambacho mpigaji hakukiona. Mchoraji hawezi kuchora asichokitazama. Kila kivuli kwenye karatasi ile amekiamua mwenyewe: hapa kikolee, hapa kififie, hapa pasiguswe.

Utazameni ule ukingo unavyong'aa. Penseli haina weupe. Mng'ao ule ni karatasi yenyewe, uzi mwembamba alioupitia kivuli juu na chini bila kuugusa, sufuria nzima kuzunguka. Kisha shukeni kwenye kitako chenye masizi ya kuni. Hapo ametumia penseli laini, zile za B, kwa sababu HB ya shuleni haifiki weusi huo hata uikandamize mpaka karatasi itoboke. Tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipopata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kutengeneza penseli mwaka 1795, unga wa grafiti huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa: udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari hupauka, ukipungua, huwa laini na nyeusi. Na grafiti ni kaboni, kama yalivyo masizi. Weusi wa jikoni umechorwa kwa ndugu yake.

Kilichonishika zaidi ni mchirizi wa maharage yaliyofurika na kukaukia ubavuni. Mtu asiyepika angeufuta. Yeye ameuacha, na kwa mchirizi huo naamini sufuria hii imelisha watu.

Vipaji na mafunzo havijatupungukia. Chuo Kikuu cha Makerere sanaa inafundishwa tangu mwalimu Mwingereza Margaret Trowell alipoanza madarasa yake miaka ya 1930. Tulichopungukiwa ni wanunuzi wa nyumbani. Tunasifu, tunaomba tutumiwe picha kwenye simu, kisha tunakwenda kununua saa ya ukutani yenye maua ya plastiki. Huku mafundi wa mtaa wetu wa Katwe wanatutengenezea sufuria, na hakuna anayefikiri kwamba kitu hicho kinaweza kukaa sebuleni ndani ya fremu.

Mimi nimemwambia kijana ataje bei yake. Sitaipunguza.