Jalada la Kitabu, Jalada la Kesi

Makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu katuni za kutisha inaanza kwa kueleza kwamba katuni hizo zilishamiri Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1950, halafu hofu ya umma, pamoja na kanuni ambazo wachapishaji walijiwekea wenyewe, zikachangia kuyaua majarida mengi na kuyapunguza makali mengine. Neno nililolikamata hapo ni “zikachangia”. Wapenzi wa katuni hawana subira nalo. Kwao kisa ni kifupi: daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuzishtaki katuni mwaka 1954, maseneta wakamsikiliza, katuni zikazikwa. Nimeisoma makala nzima nikitaka kuona kama itaendelea kushika adabu ya neno lile.

Lawama ya kwanza inayoweza kutupiwa ni kwamba mhimili wake ni Marekani. Mtu aliyejifunza kuogopa picha kupitia Wajapani Kazuo Umezu na Junji Ito (huyu wa pili alikuwa fundi wa meno bandia kabla ya kuanza kumchora Tomie, msichana wa kutisha, mwaka 1987), au kupitia mpelelezi wa katuni Dylan Dog wa Italia aliyezaliwa 1986, atahisi kama mgeni aliyealikwa harusini akakalishwa uani. Lawama ni ya haki. Lakini makala ya kamusi elezo husimama juu ya karatasi, na hakuna mahali ambapo katuni za kutisha ziliacha karatasi nyingi kama New York mwaka ule wa 1954.

Kiswahili kina neno moja, jalada, kwa uso wa kitabu na kwa faili la kesi. Tarehe 21 Aprili 1954 vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyochunguza uhalifu wa vijana aliketi William Gaines, mwenye kampuni ya EC, iliyokuwa ikitoa majarida ya kutisha yaliyovuma kuliko yote. Seneta Estes Kefauver akainua jarida lake moja. Juu ya jalada, mwanamume ameshika shoka lenye damu mkono mmoja, na mkono wa pili ameninginiza kichwa cha mwanamke kwa nywele. Je, hii ni picha ya kistaarabu? Gaines akajibu ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha. Akaongeza kwamba ingekosa ustaarabu kama kichwa kingeinuliwa juu kidogo, damu ikaonekana ikidondoka kutoka shingoni. Kwa mchapishaji lilikuwa jibu la kitaalamu kabisa. Kwa mtu aliyetoka kuapishwa lilikuwa kujichimbia kaburi. Kesho yake lilikuwa kwenye ukurasa wa mbele wa New York Times.

Kwa hiyo naelewa kwa nini mwandishi wa makala yoyote ya aina hii huegemea hapo. Kuna tarehe, kuna maswali na majibu yaliyoandikwa neno kwa neno, kuna jalada lenyewe. Shida ni kwamba historia inayoandikwa kwa kufuata faili la mashtaka humjua vizuri aliyeshtakiwa tu. Hadithi za wachawi na majini zilizochorwa katika majarida ya katuni ya Dar es Salaam hazikuitwa mbele ya kamati ya maseneta. Zilinunuliwa kwa muuza magazeti, zikazungushwa mtaa mzima hadi zikachanika, basi. Hazina jalada, na asiye na jalada haingii kwenye kamusi elezo. Udhaifu huo hauko katika makala hii peke yake.

Makala za namna hii pia zina ugonjwa wa kutafuta “ya kwanza”. Heshima hiyo kwa kawaida hupewa Eerie Comics, toleo moja tu la mwaka 1947, ingawa Dick Briefer alikuwa akimchora zimwi wa Frankenstein tangu 1940. Sioni faida ya mashindano hayo.

Palipo na uzito ni kwenye sababu: nini kilisababisha nini? Tazama Glasgow, Uskoti, Septemba 1954. Mamia ya watoto, wengine wadogo kabisa, walivamia makaburi ya mtaa wa Gorbals wakiwa na visu na vijiti vilivyochongwa, wakimsaka mnyonya damu mwenye meno ya chuma aliyedaiwa kula wavulana wawili. Hakuna mvulana aliyekuwa amepotea. Lawama ikaangukia katuni za Marekani, na mwaka 1955 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwakinga watoto na machapisho ya kutisha. Baadaye watu wakakumbushana kwamba mnyama mwenye meno ya chuma yumo katika Kitabu cha Danieli, na yumo pia katika shairi la kienyeji la huko huko. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kushawishiwa sana. Uvumi wa mumiani, na wa gari la wazimamoto linalobeba watu wakanyonywe damu, ulitikisa miji yetu wakati wa ukoloni bila mtoto hata mmoja kufungua katuni.

Hata kifo cha majarida ya EC hakifuati mstari ulionyooka. Gaines alitangaza kuyaacha majarida yake ya kutisha Septemba 1954. Kanuni mpya ziliidhinishwa Oktoba. Waliombana kwanza ni wasambazaji, waliokuwa wakirudisha mafurushi bila hata kuyafungua. Kanuni zilipokuja ziliziba mlango uliokwisha kuegeshwa: marufuku neno “kutisha” kwenye jina la jarida, marufuku wanyonya damu na misukule. Zilipolegezwa mwaka 1971, mnyonya damu aliruhusiwa kurudi kwa sababu ana ukoo katika fasihi inayoheshimika. Misukule walibaki nje kwa kukosa vyeti, hadi kampuni ya katuni ya Marvel ilipowabatiza jina zuvembie na kuwapitisha. Ndiyo maana naitetea “zikachangia” kwa nguvu zote.

Sasa Wertham. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley alionyesha, baada ya kupekua karatasi za daktari huyo, kwamba aligeuza na kuunganisha maneno ya vijana aliowahoji ili yamfae. Hilo ni doa, na halitafutika. Lakini anayeishia hapo anamtendea Wertham yale yale ambayo yeye alizitendea katuni: kuokota ushahidi unaomfaa. Huyu ndiye aliyefungua kliniki katika mtaa wa Harlem, New York, mwaka 1946, katika chumba cha chini cha kanisa, ambako Wamarekani weusi walitibiwa kwa senti 25. Na ushahidi wake kuhusu madhara ya shule za ubaguzi katika jimbo la Delaware ulitumika katika safari ya kesi zilizovunja ubaguzi huo mwaka ule ule wa 1954.

Gaines naye alikuwa na katuni moja, si ya kutisha bali ya sayansi ya kubuni. Mkaguzi kutoka Dunia anafika kwenye sayari ya roboti, anakuta za rangi ya chungwa zinazibagua za buluu, anaikataa sayari hiyo isijiunge na jamii ya nyota. Picha ya mwisho anavua kofia yake: ni mtu mweusi, jasho linang'aa usoni. Gaines alipotaka kuirudia miaka michache baadaye, msimamizi wa kanuni, hakimu wa zamani Charles Murphy, alisema mtu huyo asiwe mweusi. Gaines akakataa. Basi angalau lifutwe jasho. Akakataa tena, akaichapisha kama ilivyokuwa mwaka 1956, na hiyo ikawa katuni yake ya mwisho yenye rangi. Kwa kuwa haina zimwi, makala kuhusu hofu ina kila sababu ya kuipita. Mimi ningeiweka, aya moja baada ya kliniki ya Harlem.