Akademi ya klabu ya jiji: nani alipie ugali wa kijana wa miaka 14?

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, vijiwe vya Dodoma hurudia mjadala uleule. Kwa nini Dodoma Jiji, klabu ya Halmashauri ya Jiji iliyopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2020/21, itafute wachezaji mbali wakati vijana wamejaa Nzuguni, Ipagala na Chang'ombe? Upande mmoja unataka akademi kamili, yenye bweni, madarasa na uwanja wake. Upande wa pili unasema fedha ziende kwanza kwenye kikosi kinachopigania kubaki ligini, na vijana wasubiri. Kila upande una hoja nzito, ila hesabu haipigwi na yeyote.

Wanaotaka bweni hupenda kusema kwamba akademi hujilipa yenyewe: mchezaji mmoja akiuzwa Ulaya, gharama za miaka kumi zimerudi. Kanuni za FIFA zinatoa sehemu ya matumaini hayo. Mchezaji anapohama kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23, na kila msimu una fungu lake: robo ya asilimia moja ya ada kwa misimu ya miaka 12 hadi 15, na nusu ya asilimia moja kwa misimu inayofuata. Kijana aliyelelewa na klabu kuanzia miaka 14 hadi 18 ataiingizia asilimia 2. Akiuzwa kwa dola milioni moja, ambayo ni ada kubwa kwa mchezaji wetu, klabu itapata dola 20,000, yaani takriban shilingi milioni 50. Sasa tuchukue bweni la vijana 30, chakula cha shilingi 6,000 kwa siku kwa kila mmoja, siku 300 kwa mwaka: ni shilingi milioni 54. Fungu lote limeishia kwenye ugali na maharage ya mwaka mmoja, na kocha, daktari wala mlinzi wa geti bado hajalipwa. Ipo pia fidia ya malezi, inayodaiwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na klabu yenyewe inaweza kumuuza mchezaji iliyemkuza. Lakini hakuna mhasibu makini atakayepanga bajeti kwa kutegemea Mbwana Samatta mwingine, Mtanzania aliyefika Ligi Kuu ya England.

Kwa hiyo wanaotanguliza kikosi cha kwanza hawasemi upuuzi. Timu ikishuka daraja, hupoteza mgawo wa haki za matangazo, wadhamini na watazamaji kwa mkupuo, na hata hao vijana hawatakuwa na pa kupandia. Zaidi ya hapo, klabu hii haina mfadhili kama Azam, ambayo ina kampuni kubwa nyuma yake na iliweza kujenga uwanja wake wa Chamazi na kumkuza kiungo kama Novatus Dismas bila kulazimika kuuza mtu kila mwaka. Diwani wa Dodoma akirudi kwenye kata yake huulizwa madawati na matundu ya vyoo. Ana haki ya kuuliza kwa nini bweni la wanasoka litangulie.

Hata hivyo, hoja hiyohiyo ya fedha za umma ndiyo inayoubana upande wa pili. Klabu ya mtu binafsi inaweza kusema kazi yake ni kushinda tu. Klabu ya halmashauri inaishi kwa kodi na ushuru wa wakazi wa jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 765,000, na ni vigumu kumweleza mama lishe wa Majengo kwamba ushuru wake unamlipa mshambuliaji wa kigeni atakayeondoka Juni, huku mwanawe hana hata timu ya kufanyiwa majaribio.

Agosti iliyopita nilisimama jioni kwenye uwanja mmoja wa Nzuguni, upepo ukipeperusha vumbi jekundu hadi magoli yakawa hayaonekani. Watoto wapatao 40, mipira miwili, na mwalimu wa shule ya msingi anayejitolea baada ya kazi. Kijana mmoja wa mguu wa kushoto alikuwa amevaa njumu moja tu. Ya kulia ilikuwa kwa mdogo wake, upande wa pili wa uwanja. Alipiga krosi mbili ambazo zingemfanya beki yeyote wa Ligi Kuu ageuke kumtazama. Nilimuuliza umri. Akasema 14, akamtazama mwalimu, akasema 15. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho.

Kwangu mimi, kiini cha suala zima kilikuwa katika jibu lile. Kinachompungukia kijana yule si bweni. Ana kwao, ana shule, ana mtu wa kumfundisha. Anachokosa ni mtu wa kumwandikisha. Lile fungu la asilimia 5 hulipwa kwa kufuata kumbukumbu za usajili za kila msimu, zinazounda kile kinachoitwa pasipoti ya mchezaji. Kijana aliyecheza miaka minne mchangani bila kusajiliwa rasmi, hata akifika Ubelgiji, klabu iliyomnoa haitakuwa na karatasi ya kudai chochote. Umri nao ni jeraha la zamani. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Tangu 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono kwa MRI, picha inayoonyesha ukomavu wa mifupa, katika Kombe la Dunia la umri huo, na kipimo hicho hakijali cheti kilichopatikana wiki iliyopita.

Ndiyo maana naona njia nafuu iko kati ya pande hizi mbili, ingawa si katikati kabisa. Inaegemea kwa vijana. Klabu iwe na timu za chini ya miaka 17 na 20 zinazofanya mazoezi jioni na kulala makwao, zikitumia viwanja vya shule ambavyo halmashauri hiyohiyo inavisimamia, na michuano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari iwe sehemu ya kusaka vipaji. Kwamba shule inaweza kubeba kazi hii hakuhitaji ushahidi kutoka mbali: mwaka 2023 wasichana wa Sekondari ya Fountain Gate ya hapa Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa shule mjini Durban, pamoja na zawadi ya dola 300,000. Ile ni shule binafsi yenye uwezo wake, nakubali, na linganisho lina mipaka. Pia njia hii ina udhaifu ambao wenye hoja ya bweni watauona mara moja: mtoto wa Kondoa au Mpwapwa hawezi kuja mazoezini jioni na kurudi kulala kwao. Kwa hao wachache itabidi klabu itafute nafasi katika shule za bweni zilizopo, na hilo linahitaji makubaliano na wakuu wa shule, si tofali jipya.

Mwajiriwa wa kwanza wa mpango huu asiwe kocha. Awe karani mmoja mwenye kompyuta, atakayezunguka viwanja vya Nzuguni, Kizota na Makole akiwa na fomu za cheti cha kuzaliwa za RITA, wakala wa serikali wa usajili, na za usajili wa wachezaji, kabla kijana wa njumu moja hajaulizwa umri wake kwa mara nyingine.